Kadi za Mkono Kutoka Ntalikwa

Tuko Ntalikwa, Manispaa ya Tabora. Mvua za kwanza zimeanyesha, maembe yanaanza kuiva, na watoto wamekwisha kuuliza Krismasi ni lini. Kwa kundi letu la akina mama wa kanisa, huu ndio wakati wa kutoa kalamu, rula na mkasi. Tunakaa chini ya mwembe kila Jumamosi alasiri na kuchora kadi, karatasi za barua na michoro ya watoto ya kukata na kupaka rangi. Tukimaliza, mmoja wetu anapeleka michoro mjini kutolewa kopi, kisha tunaigawa bure.

Tuko wachache. Miongoni mwetu kuna wauguzi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, washonaji na wakulima. Hakuna aliyesomea uchoraji. Tumeombwa na baadhi ya wasomaji tueleze tulivyoanza, jinsi kazi inavyofanyika, na majaribu tuliyoyapata. Tutaeleza yote, hata yale yanayotuaibisha, maana kosa la mwenzako likikufunza, hukulilipia.

Karatasi ilikuwa mali

Sisi tunaoishi kando ya njia ya kale ya misafara tunapaswa kujua thamani ya barua kuliko watu wengine. Njia ile ilitoka pwani, ikapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Watu wetu Wanyamwezi waliipita wakiwa wapagazi, na wengi wengine waliipita wakiwa watumwa. Mizigo ilikuwa pembe za ndovu, vitambaa na shanga, na ndani ya mizigo hiyo zilikuwemo barua.

Watoto wetu wakitembelea tembe la Kwihara, karibu na mji, huambiwa kwamba Dakta Livingstone aliishi pale kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni habari za karatasi zake. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe upande wa Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika kumbukumbu zake juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotokana na rangi ya mimea. Barua zake nazo zilikuwa zimekwama. Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe ya Novemba 1, 1870. Mfuko huo ulimfikia mwenyewe Ujiji baada ya karibu mwaka mzima.

Tunapowasimulia watoto habari hizi, hawapotezi tena karatasi ovyo. Siku hizi salamu za sikukuu zinafika kwa simu kwa nukta moja, na sisi pia tunazituma. Lakini ujumbe wa simu unafutwa simu ikijaa. Kadi inabandikwa ukutani, na mwakani ukienda kumtembelea mwenyewe utaikuta pale pale, imepauka kwa moshi.

Hatukubuni jambo jipya

Msidhani kwamba kazi hii ni ya kwetu peke yetu. Kadi ya Krismasi ya kwanza iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Bwana Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja itakayotosha kwa watu wote. Hivyo kadi ilianza kwa mtu aliyezidiwa na kazi, na sisi akina mama tunamwelewa vizuri.

Hapa magharibi mwa Tanzania, ndugu zetu Wamoravian, ambao walifika Urambo mwaka 1898, wana nyota yao ya karatasi inayojulikana dunia nzima. Ilianzia katika shule ya bweni ya wavulana huko Niesky, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, ikiwa somo la hesabu za maumbo. Nyota hiyo ina miali 25: 17 yenye pande 4 na 8 yenye pande 3. Kwa hiyo nyota inayoning'inizwa leo katika makanisa na nyumba nyingi ilikuwa kwanza kazi ya darasani ya watoto.

Hapa hapa nchini tuna mfano wa Neema Crafts, Iringa, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Walianza na vijana 3 viziwi wakitengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo, na kutoka karatasi hiyo kadi. Watu walicheka, lakini watu wenye ulemavu wakapata ajira na heshima. Tutarudi kwenye mfano huu, maana ulitusaidia siku tulipogombana.

Kosa letu la kwanza

Tulianza kwa nia njema na kwa haraka. Krismasi ya kwanza tulichora kadi 40 kwa ajili ya wagonjwa wa wodini. Tulichora ua na mshumaa, na ndani tukaandika kwa herufi kubwa: UPONE HARAKA. Tuliingia wodini tukiimba, tukagawa kitanda kwa kitanda, tukatoka tukijipongeza.

Kesho yake binti wa mgonjwa mmoja alikuja kutufuata akiwa na kadi mkononi. Alituamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mama zangu, nawashukuru. Lakini mama yangu hataondoka pale kitandani. Daktari ametuambia, na yeye mwenyewe anajua. Usiku kucha amekuwa akiniuliza, je, hawa hawakuambiwa? Au nachelewa kupona kwa sababu sina imani?"

Hatukuwa na jibu. Wale miongoni mwetu ambao ni wauguzi tuliona aibu zaidi, kwa maana tumefundishwa chuoni kwamba mgonjwa husikia kila neno, na neno jepesi linaweza kuwa zito kwake. Tulikwenda kumwomba radhi yule mama. Alitupokea vizuri, akatushika mikono, akasema anachopenda kwenye kadi ni ule mshumaa, kwa sababu kwao walikuwa wakisoma kwa kibatari. Tukachukua karatasi nyingine, tukamchorea kibatari, na chini yake tukaandika: TUPO PAMOJA NAWE. Alifariki kabla ya mwaka mpya. Binti yake alituambia kwamba karatasi ile waliiweka pamoja na nguo zake.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni chache za kadi za wagonjwa. Hatuandiki kupona wala muda wa kupona. Hatutaji ugonjwa, maana kadi husomwa na kila anayepita, na siri ya mgonjwa ni yake. Hatumwambii mtu ajikaze. Tunaandika kwamba tunamkumbuka, kwamba tunamwombea, au kwamba shamba lake limepaliliwa kama kweli limepaliliwa. Na kila mara tunaacha nafasi tupu ya nusu ukurasa ili mtoto au mjukuu aandike neno lake mwenyewe.

Jinsi ya kuchora ili kopi itoke vizuri

Vifaa ni karatasi nyeupe za A4, penseli, kifutio, rula na kalamu ya wino mweusi. Ukipata maka peni nyembamba ni vizuri zaidi. Kwa kadi ngumu, mjini kuna karatasi za manila.

Kunja karatasi ya A4 mara mbili, uifungue. Utaona vyumba 4 vilivyo sawa. Kila chumba ni kadi moja ya sentimita 10.5 kwa karibu 14.8. Hivyo kwa kopi moja unapata kadi 4. Chora kwa penseli kwanza, kisha pitia kwa wino mweusi, na wino ukikauka ufute penseli. Usipake kivuli cha penseli, kwa sababu mashine itakitoa kama doa jeusi. Acha sentimita 1 pembeni pande zote, maana mashine nyingi za kopi hazifiki ukingoni mwa karatasi. Hapo mwanzo hatukujua, na malaika wetu wote wakatoka bila mabawa!

Michoro iwe ya mistari minene na nafasi kubwa, ili mtoto apake rangi bila kuhangaika. Chora kile mnachokiona. Mwaka wa kwanza tuliiga kadi za dukani zenye theluji, na mtoto mmoja akauliza kwa nini nyumba zimemwagiwa unga. Sasa tunafuata majira yetu wenyewe. Kwa Septemba na Oktoba tunachora majani mapya ya miombo, yale yanayochipua mekundu kabla ya mvua. Kwa Novemba na Desemba, embe na wingu la mvua. Kwa masika, uyoga na jembe. Kwa wakati wa kiangazi, mzinga juu ya mti na mafungu ya karanga. Karatasi ya barua yenye mzinga pembeni ikifika kwa kijana wetu aliyeko Dar es Salaam, anajua imetoka nyumbani kabla hajasoma hata neno moja.

Nyota ya watoto wa Shule ya Jumapili ni rahisi. Chora duara kwa bikari. Kama huna bikari, funga penseli kwenye uzi na ushikilie ncha ya pili katikati. Bila kubadili urefu ule ule, weka alama kuzunguka duara. Zitatimia 6 kamili. Unganisha alama kwa kuruka moja moja, utapata pembetatu mbili zilizopandana, nayo ndiyo nyota ya pembe 6. Kata, paka rangi, toboa tundu, tia uzi.

Bahasha nayo haina haja ya kununuliwa. Kata karatasi ya A4 iwe mraba wa sentimita 21 kila upande. Uigeuze ili pembe moja ikutazame, weka kadi katikati ikiwa imelala. Kunja pembe ya kushoto na ya kulia, zitakutana katikati ya kadi. Kunja pembe ya chini juu yake, uibandike kwa gundi, kisha funika na pembe ya juu. Gundi tunapika kwa unga wa muhogo na maji hadi iwe uji mzito unaong'aa. Pika ya kutosha siku ile tu, maana inachacha.

Mikasi ya watoto iwe butu, na mtu mzima awepo. Vipande vidogo na shanga visiachwe mahali penye mtoto anayetambaa, kwa kuwa kila kitu kwake ni chakula.

Karatasi ya vyumba 14

Mchoro wetu unaoombwa kuliko yote si wa Krismasi. Unaitwa karatasi ya mtoto mchanga, nasi tunaugawa kwa mama aliyejifungua.

Kliniki kila mama hupewa kadi yenye tarehe. Lakini wapo mama na bibi wasioweza kusoma, na siku za kilimo huenda bila kuhesabiwa. Tulikuwa tukiona watoto wakiletwa wamechelewa chanjo kwa wiki nyingi, bila ubaya wowote wa mzazi. Ndipo tukachora safu ya vyumba vidogo 14, kila kimoja wiki moja tangu mtoto kuzaliwa. Kila Jumapili mtu mmoja nyumbani anapaka rangi chumba kimoja. Vyumba vya 6, 10 na 14 tumevichora tone kubwa, kwa sababu wiki hizo mtoto hurudi kliniki kwa chanjo, na chanjo ya polio hutolewa kwa matone. Chini yake tumechora miezi 18 ya angani, na wa 9 na wa 18 umezungushiwa duara kwa ajili ya chanjo ya surua na rubela. Karatasi hii haichukui nafasi ya kadi ya kliniki. Kazi yake ni kuwakumbusha tu watu wa nyumbani.

Bibi mmoja alikuwa akimlea mjukuu mchanga ambaye mama yake hakuwepo. Dada wa mtoto, mwanafunzi wa darasa la pili, ndiye aliyepewa kalamu ya rangi. Wiki ya 10 ilikuwa ya mvua kubwa na ya kupanda mahindi. Bibi alisema watakwenda wakimaliza shamba. Yule binti akamwonyesha karatasi na kumwambia, "Bibi, tone limefika." Bibi akamfunga mtoto mgongoni, wakaja wamelowa chapachapa. Alipofika hakutoa kadi kwanza. Alitoa ile karatasi, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kusema, "Nesi, mimi sijui kusoma, lakini huyu ananisomea rangi."

Siku hiyo wale tuliokuwa kazini tulisahau gharama zote za kopi.

Siku tuliyogombana

Sasa tueleze la aibu. Mmoja wetu alikwenda mjini akakuta mchoro wetu wa embe na nyota ukiuzwa dukani. Maneno yetu yalikuwa yamekatwa na mengine yakawekwa. Alirudi akilia. Kikao cha Jumamosi ile hakikuwa kikao cha maombi!

Wengine walisema tuache kabisa. Wengine walisema, kama watu wanatuuzia, basi tuuze wenyewe, wagonjwa wapate sabuni. Wengine tukasema kwa ukali kwamba salamu haiuzwi, na anayetaka fedha atafute biashara. Mama mmoja, mjane mwenye watoto wanne, ambaye mkono wake ndio mzuri kuliko yote, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada zangu, ninyi wengine mna mshahara. Mimi Jumamosi yangu ni siku ya kibarua." Akachukua mkasi wake akaondoka. Hakurudi kwa miezi mitatu.

Ilitubidi tujipime. Tulikuwa tukisifu kutoa bure, kumbe sehemu kubwa ya tulichokitoa ilikuwa jasho la mtu asiye na akiba. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Lakini moyo ni wa mtoaji mwenyewe, na hatuna haki ya kuutoa moyo wa jirani. Ndipo mmoja akakumbusha habari za Iringa. Wale vijana wanauza kadi zao, na wanafanya vyema, kwa sababu ile ni kazi yao na riziki yao. Kuuza si dhambi. Tulichopaswa kufanya ni kutenganisha kazi na zawadi.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama tukamwomba radhi. Tukakubaliana hivi. Michoro ya kundi, yaani ya wagonjwa, ya watoto wachanga na ya Shule ya Jumapili, inabaki bure kwa yeyote, na pembeni tunaandika kwa herufi ndogo: SI YA KUUZWA. Anayechukua mchoro mmoja anaombwa alete karatasi mbili tupu kama anazo, na kama hana achukue tu. Yule mama anachora kadi zake mwenyewe za harusi na kipaimara, anaziuza kwa bei yake, na sisi ndio wanunuzi wake wa kwanza. Jumamosi anakuja saa moja tu, anatufundisha, kisha anakwenda kwenye shughuli zake.

Na lile duka? Bado linauza. Tulikwenda kuzungumza kwa upole, tukasikilizwa, na hakuna kilichobadilika. Mwanzoni tulikuwa tukipita pale na kugeuza uso. Siku moja tulimwona baba mmoja mzee akinunua kadi ile na kumwomba muuzaji amwandikie jina la mkewe. Tukatazamana. Mkewe angepata embe letu na nyota yetu. Uchungu haukuisha wote, lakini ulipungua.

Anzeni na mlicho nacho

Akina mama wapendwa, hamhitaji kusubiri mfadhili wala mashine. Watu watatu, kalamu moja na karatasi chache zinatosha. Kabla ya kuchora, jiulizeni: nani kwetu hapati barua? Huenda ni mzee anayeishi peke yake, mfungwa, mwanafunzi wa bweni, au mama aliyepoteza mtoto, ambaye watu wanamkwepa kwa sababu hawajui la kusema. Mchoreeni huyo kwanza. Msiandike mengi.

Pia kubalianeni mapema, tena kwa uwazi, ni nini cha bure na ni nini cha kuuza, na nani anaweza kutoa muda wake bila watoto wake kulala njaa. Sisi tulichelewa kulizungumza, na nusura tumpoteze dada yetu.

Jumamosi ijayo tutakuwa tena chini ya mwembe. Kuna kadi 60 za kukata, na mwaka huu ndani ya zile za wodini hatujaandika chochote zaidi ya maneno mawili: TUNAKUKUMBUKA, FULANI. Jina tutaliandika tukifika kitandani, baada ya kumwuliza mwenyewe anapenda kuitwaje.